Mackay: mchoraji wa mitambo aliyefufua injini kando ya Ghuba ya Speke

Juni 1878, kijana wa miaka 28 alifika Kageye, kusini mwa Ghuba ya Speke, ghuba hiyohiyo inayopokea maji ya Mto Simiyu. Alikuta mizigo ya wamisionari wenzake imezagaa ovyo, vipande vya injini ya mvuke vikiwa vimechanganyika na vikorokoro vingine. Kiongozi wa msafara, Smith, na mwenzake O'Neill walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Hakukuwa na wa kumwonyesha kipi kinaingia wapi.

Alexander Mackay hakubabaika. Alichambua kipande kimoja kimoja, na baada ya siku chache injini ilisimama nzima.

Kwake lilikuwa jambo la kawaida. Alizaliwa 1849 Rhynie, Scotland, mtoto wa mchungaji. Baba yake alimfundisha jometri njiani, akichora maumbo kwa fimbo kwenye vumbi. Baadaye alisoma uhandisi Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin kufanya kazi ya kuchora mitambo.

Kazi hiyo si ya kupamba. Mchoraji huonyesha kifaa kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu, kila upande na vipimo vyake. Ukiizoea, unaiona mashine kichwani kabla haijaundwa, na hata iliyovunjwavunjwa unaweza kuirudisha.

Agosti mwaka huohuo alipanda boti iitwayo Daisy kwenda Buganda. Dhoruba ikaibamiza ufukweni. Gereji hakuna, duka la mbao hakuna. Yeye na mwenzake Wilson wakaikata katikati, wakatumia mbao za sehemu hiyo kuziba mbele na nyuma. Boti ikawa fupi, lakini Novemba iliwafikisha.

Buganda alifua chuma, alichimba kisima na kufunga pampu, akachapa vitabu vya Kiganda, huku akiwafundisha vijana ufundi. Mwaka 1882, mama yake Kabaka Mutesa alipofariki, ni yeye aliyetengeneza majeneza makubwa ya maziko.

Mambo hayakumnyookea hadi mwisho. Mwaka 1887 alifukuzwa Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Huko alianza kuunda boti nyingine, ila malaria ilimuua Februari 1890, akiwa na miaka 40. Boti hiyo hakuimaliza.

Leo kijana wa Bariadi anayejifunza michoro ya kihandisi hufungua kompyuta, akakizungusha kifaa kwenye skrini na kufuta kosa kwa kubonyeza tu. Mackay alikuwa na penseli, rula na karatasi. Lakini kompyuta haimwambii mtu kwa nini bolti ikae pale. Hilo bado linajifunzwa kama zamani: kuchora, kupima, kukosea na kurudia, mpaka mashine ionekane kichwani hata umeme ukikatika.