John Strachey na Mradi wa Karanga wa Tanganyika: Maisha ya Waziri na Suala la Tathmini

1.0 Utangulizi

Jina la John Strachey hutajwa katika historia ya Tanganyika kama jina la waziri aliyeshindwa, na aghalabu mjadala huishia hapo. Makala haya yanayatazama maisha yake kwa lengo jingine, yaani kuonyesha jinsi mtu aliyeamini kwa dhati uchumi unaopangwa na dola alivyousimamia mradi ambao haukuwekewa kipimo cha kuupimia. Hoja yetu ni kwamba kasoro ya msingi haikuwa dola kuugharimia mradi, bali tathmini kuahirishwa hadi fedha zilipokuwa zimekwisha kutumika.

2.0 Malezi na Itikadi

Strachey alizaliwa Guildford, Uingereza, mwaka 1901. Baba yake, John St Loe Strachey, alikuwa mhariri wa jarida la The Spectator. Baada ya masomo ya Eton na Oxford, kijana huyu aliiacha njia ya baba yake. Alijiunga na Chama cha Labour mwaka 1923, na mwaka 1929 akaingia Bungeni. Mwaka 1931 alimfuata Oswald Mosley, lakini waliachana mwaka huohuo. Kitabu chake The Coming Struggle for Power (1932) kilimpa sifa ya kuwa miongoni mwa wafafanuzi mashuhuri wa Umarx nchini mwake. Aidha, mwaka 1936 alishiriki kuanzisha Left Book Club. Aliporudi Bungeni mwaka 1945 akiwa mbunge wa Dundee, alikuwa amekwisha kurejea katika Chama cha Labour, na Mei 1946 aliteuliwa kuwa Waziri wa Chakula.

3.0 Mradi na Vipimo Vyake

Strachey alilirithi wazo la mradi huu. Frank Samuel wa United Africa Company alikuwa ametoa pendekezo miezi michache kabla ya uteuzi huo. Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na Julai 1946 hata mkate, ambao haukugawiwa kwa mgao wakati wa vita, uliwekewa mgao. Tume iliyoongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo Tanganyika, ilitumia takriban wiki tisa kukagua ardhi. Ilipendekeza kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia.

Shamba la majaribio halikutangulia, kwa kuwa haraka ilihesabiwa kuwa muhimu kuliko uhakika. Hata hivyo, kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ambako ukame ulijulikana sana. Njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917-1920 ilikuwa bado katika kumbukumbu za watu wazima wa huko. Maarifa hayo ya wenyeji hayakuingizwa katika hesabu za mradi.

Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Matrekta yaliyotumika yaliharibika upesi, vichaka na mibuyu vilizuia kazi, na udongo ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuzuia uvunaji. Ekari zilizofyekwa zikawa ndicho kipimo cha maendeleo, ilhali kusudi la mradi lilikuwa tani za karanga kwa gharama inayostahili.

Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walitoa kasoro juu ya vitabu vya Overseas Food Corporation, shirika la umma lililouendesha mradi tangu Machi 1948. Strachey aliutetea mradi Bungeni, akabaki katika wadhifa wake. Mwaka 1950 alihamishiwa Wizara ya Vita. Januari 1951 serikali iliukomesha mradi kwa umbo lake la awali, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa.

4.0 Hitimisho

Yapo mambo yanayoweza kutajwa kama faida, hasa bandari ya Mtwara. Reli iliyojengwa kutoka kusini mwa pwani hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1962. Katika miaka ya 1960, Kongwa na Nachingwea zilitumika kama kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, matumizi ambayo hakuna mpangaji wa mwaka 1946 aliyeyakusudia. Mtathmini hana budi kuyatenga mambo haya mawili: matunda yaliyokusudiwa, na yale yaliyozuka baadaye. Faida ya baadaye haiwezi kulipa deni la lengo lililokosekana.

Strachey alifariki mwaka 1963, akiwa amekwisha kuandika Contemporary Capitalism (1956) na The End of Empire (1959). Si haki kumtwika yeye peke yake lawama ya uamuzi wa wengi. Hata hivyo, alikuwa na mamlaka ya kudai shamba la majaribio na kipimo cha mavuno kabla ya kuutetea mradi. Hakufanya hivyo, na gharama yake ilibebwa na mlipa kodi wa Uingereza pamoja na wakazi wa Kongwa, ambao ardhi yao ilifyekwa bila ya wao kuulizwa ilichoweza kuzaa.