Lamartine, mshairi wa serikali ya muda

Wengi wetu tulimjua Alphonse de Lamartine katika shule ya sekondari kwa shairi moja tu, lile la ziwa, ambalo tulilikariri bila kuambiwa kwamba mtunzi wake aliwahi kuongoza Ufaransa. Hapa kitivoni pia tunamsoma haraka, kisha tunampita kwenda kwa Victor Hugo. Nataka kumweleza kwa upande ule mwingine, kwa sababu maisha yake yanagusa swali linalotuhusu sisi watu wa lugha: neno lina nguvu kiasi gani mbele ya umati wenye njaa?

Alizaliwa Mâcon mwaka 1790. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, kilichotoka 1820, kilimpa sifa kwa ghafula. Akafanya kazi ya ubalozi huko Italia, akaingia katika Akademia ya Kifaransa. Mwaka 1832 alisafiri Mashariki pamoja na mke wake na binti yao Julia. Mtoto huyo alifia Beirut, akiwa na miaka 10. Baba alirudi Ufaransa akiwa mbunge, maana alichaguliwa angali safarini.

Bungeni hakuwa na chama cha kumbeba. Alikuwa na sauti yake, na tangu 1847 alikuwa na kitabu chake juu ya Wagirondini, kilichosomwa sana na kuwakumbusha watu kwamba mfalme anaweza kuondoka. Mwezi wa pili 1848 akaondoka kweli. Watu wa Paris walijenga vizuizi barabarani, na tarehe 24 Louis-Philippe akajiuzulu. Siku hiyohiyo mama yake mrithi mdogo aliingia bungeni na mtoto, akitumaini kutawala kwa niaba yake. Lamartine angeweza kumtetea. Yeye akataka serikali ya muda, na majina yakasomwa katikati ya makelele.

Rais wake kwa jina alikuwa mzee Dupont de l'Eure, aliyekaribia miaka 81. Lamartine alishika mambo ya nje, lakini watu walimtazama yeye. Ndani walikuwemo mtaalamu wa nyota Arago, mwanasheria Ledru-Rollin, msoshalisti Louis Blanc, na mfanyakazi mmoja aliyeitwa Albert tu.

Kesho yake umati wenye silaha ulijaa mbele ya Jumba la Mji, ukidai bendera nyekundu. Lamartine alitoka akasimama mbele yao, akatetea bendera ya rangi tatu kwa maneno matupu, bila jeshi nyuma yake. Bendera ile inapepea hadi leo. Sijui mwanafasihi mwingine ambaye hotuba yake ililipwa vizuri hivyo, papo hapo.

Serikali ile iliondoa adhabu ya kifo katika makosa ya siasa. Tarehe 27 mwezi wa nne ilikomesha utumwa katika makoloni, kazi iliyoandaliwa na Schœlcher, na watu karibu 250,000 wakawa huru. Iliwapa wanaume wote haki ya kura: wapiga kura walikuwa 240,000 hivi, wakawa zaidi ya milioni 9. (Wanawake waliachwa nje, na kwa karibu miaka 100.) Tena uchaguzi wa Bunge ulifanyika tarehe 23 mwezi wa nne, miezi miwili tu baada ya mfalme kuondoka. Wazazi wetu walitangaziwa kipindi cha mpito mwaka 1990. Uchaguzi wakaupata 2006.

Husemwa kwamba alianguka kwa kuwa mshairi, mtu wa ndoto. Mimi sikubali. Kilichomwangusha ni hesabu. Hazina ilikuwa tupu, na mwezi wa tatu serikali iliongeza senti 45 juu ya kila faranga ya kodi za moja kwa moja. Mzigo huo ulimwangukia mkulima, ambaye ndiye aliyekuwa amepewa kura. Kodi ileile akaiona inalisha karakana za taifa za Paris, ambako watu wasio na kazi walizidi 100,000 na kazi yenyewe haikuwepo.

Hata hivyo, mwezi wa nne majimbo 10 yalimchagua. Angeweza wakati huo kujifanya mkuu peke yake. Alikataa kumtupa Ledru-Rollin, ambaye wabunge wengi walimwogopa, na kwa ajili hiyo Bunge lilimweka wa nne kati ya watu 5 wa kamati ya utendaji. Mwezi wa sita karakana zikafungwa, wafanyakazi wakaasi, jenerali Cavaignac akawapiga kwa mizinga. Kamati ikaisha pale. Tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili, katika uchaguzi wa rais, Louis-Napoléon alipata kura zaidi ya milioni 5. Lamartine hakufikisha 20,000.

Miaka iliyobaki aliandika ili kulipa madeni: historia, riwaya, masomo ya fasihi yaliyotoka kila mwezi tangu 1856. Mwaka 1860 aliuza Milly, nyumba ya utoto wake. Mwishowe alikubali msaada wa fedha kutoka kwa utawala wa Louis-Napoléon huyohuyo. Alifariki Paris tarehe 28 mwezi wa pili 1869, na jamaa zake hawakutaka mazishi ya kitaifa; wakamzika kijijini Saint-Point, karibu na Julia.