Hollerith: Mhandisi Aliyeifundisha Mashine Kusoma Kadi

Wahenga walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Hata hivyo, wapo ambao asubuhi yao ilitanda wingu. Mmoja wao ni Herman Hollerith, aliyezaliwa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, tarehe 29 Februari 1860. Husimuliwa kwamba tahajia ilimtatiza mno utotoni hata akawa mtoro, na mamaye akalazimika kumtafutia mwalimu wa kumfundishia nyumbani. Mtoto huyo ndiye aliyefuzu katika chuo cha uhandisi wa migodi cha Columbia mwaka wa 1879, akiwa na umri wa miaka 19.

Mmoja wa walimu wake alimwingiza katika kazi ya sensa ya 1880. Huko aliwakuta makarani wakinakili majibu ya wananchi kwa mkono, kisha wakiyahesabu upya kwa kila swali lililoulizwa. Kazi hiyo ilichukua miaka saba na zaidi. John Shaw Billings, daktari aliyesimamia takwimu za vifo, alimdokezea kwamba huenda mashine ikaifanya.

Hollerith alilitafakari wazo hilo kwa miaka kadhaa. Aliwahi kuwaona makondakta wa reli wakitoboa tiketi ili kuonyesha umbo na rangi ya nywele za abiria, tiketi isije ikatumiwa na mwingine. Kwa nini basi kila raia asiwe na kadi yake, na mahali pa tundu paeleze umri, jinsia au kazi yake? Katika mashine aliyoiunda, sindano zilipita kwenye matundu na kugusa zebaki, umeme ukapita, na mshale wa kuhesabia ukasogea hatua moja. Mwaka wa 1889 alipata hataza. Katika majaribio ya kushindanisha mbinu, mashine yake ilijumlisha kwa muda wa saa tano na nusu hivi, ilhali wapinzani wake walihitaji zaidi ya saa 44. Sensa ya 1890, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 62, ikakabidhiwa mashine hizo.

Mwaka wa 1896 alianzisha kampuni yake. Baadaye alizozana na idara ya sensa kuhusu malipo, nayo ikajiundia mashine zake. Mwaka wa 1911 aliiuza kampuni hiyo, ikaunganishwa na nyingine. Mwaka wa 1924 muungano huo ukaitwa IBM. Hollerith alifariki mjini Washington tarehe 17 Novemba 1929.

Ndugu msomaji, mbegu hiyo haikufa. Mistari myeusi na myeupe iliyo kwenye bidhaa madukani ilibuniwa na Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliopata hataza mwaka wa 1952. Muundo uliokubaliwa na maduka ya Marekani ulisanifiwa na George Laurer wa IBM, na tarehe 26 Juni 1974 pakiti ya chingamu ikasomwa dukani mjini Troy, Ohio. Leo programu ya hifadhidata huchapa lebo na mistari hiyo moja kwa moja kutoka kwenye rekodi, bila karani kunakili lolote. Tundu limekuwa mstari, lakini fikra ni ile ile: andika mara moja, mashine isome mara elfu.

Hapo ndipo penye funzo kwa shule zetu. Mwalimu anayenakili majina yale yale katika daftari la mahudhurio, orodha ya vitabu na fomu za mitihani hupoteza saa za kufundisha, na kila nakala ni mlango wa kosa. Kunakili huko tukuachie mashine. Hata hivyo, tusisahau kwamba mashine haijui jina la mwanafunzi. Likiandikwa vibaya kwenye rekodi, kila lebo itakayochapwa itabeba kosa hilo kwa unadhifu wa kupendeza. Uangalifu wa yule anayeandika mara ya kwanza haujapata mbadala, na ndio tunaopaswa kuufundisha.