Camões, Malenga wa Wareno Aliyeibebesha Mvita Lawama

Vijana wetu wakisomeshwa safari za Wazungu baharini, jina wanalotoka nalo darasani ni la Vasco da Gama. Mimi huwaambia wamjue na Luís de Camões. Da Gama alipita pwani yetu kwa merikebu mwaka 1498. Camões ndiye aliyeipitisha safari ile katika utungo, ikadumu.

Alizaliwa Ureno yapata mwaka 1524. Ujanani alipigana Ceuta, mji wa Maghribi ambao Waarabu huuita Sabta, na huko akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1552 alimjeruhi mtumishi wa mfalme katika ugomvi wa njiani mjini Lisbon, akafungwa. Alipoachiwa mwaka 1553 alisafiri kwenda India kuwa askari. Husimuliwa kuwa chombo kilipomvunjikia karibu na mto Mekong, aliogelea huku akiuokoa mswada wake.

Mwaka 1567 alifika Kisiwa cha Msumbiji, akakwama kwa madeni. Mwandishi Diogo do Couto alimkuta huko akila kwa hisani ya marafiki. Wakamchangia nguo na nauli, akafika kwao mwaka 1570.

Utungo wake, Os Lusíadas, ulichapwa mwaka 1572. Una sehemu 10 na beti 1,102, kila ubeti mishororo minane: sita ya mwanzo hupokezana vina viwili, miwili ya mwisho hufunga kwa kina chake. Mfalme alimpa posho ya reis 15,000 kwa mwaka. Alifariki Juni 10, 1580, na mwaka huo huo Ureno ikaangukia mikononi mwa Hispania. Siku hiyo ya kufa kwake ndiyo sikukuu ya taifa la Wareno.

Sasa tuje kwetu. Malindi aliipamba: sehemu tatu nzima, ya tatu hadi ya tano, ni masimulizi ya da Gama mbele ya mfalme wa Malindi. Lakini Msumbiji na Mvita alizifanya pango la hila, kana kwamba wenyeji waliwachukia wageni bila sababu.

Hapo ndipo nisipokubaliana naye. Kabla ya kufika Mvita, da Gama alikuwa ameupiga mji wa Msumbiji kwa mizinga. Na shajara ya Wareno wenyewe inaeleza kuwa mbele ya Mvita waliwamwagia mateka wawili mafuta ya moto ili waseme. Mwenye mji akijihadhari na mgeni wa namna hiyo, si khiana, ni akili. Mwaka 1505 Wareno walirudi na Almeida, wakaichoma Mvita.

Je, tumtupe Camões? La. Malenga huwaimbia watu wake. Muyaka bin Haji aliitetea Mvita ya Mazrui, nasi twamsifu kwa hilo. Lakini mwana wa Lamu hatampa Muyaka kazi ya kumsimulia vita vya Shela. Basi na sisi tumsome Camões kwa ufundi wake, tena tuusome vizuri, ila ushahidi juu ya Mvita tuutafute penginepo. Kijana akiulizwa shuleni kwa nini Mvita haikumkaribisha da Gama, na ajibu kwa tarikhi, si kwa beti za mgeni.