Ella Flagg Young: Mwalimu Aliyedai Sauti ya Mwalimu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yaeleza kwa muhtasari hoja aliyoitetea Ella Flagg Young kwa zaidi ya nusu karne katika jiji la Chicago, nchini Marekani. Aliamini kwamba mwalimu anayekabiliana na watoto kila siku darasani anayajua mengi ambayo mkubwa wa ofisini hawezi kuyajua, na kwamba kumnyima mwalimu huyo sauti katika maamuzi ni kuwapunja wanafunzi wake. Wengi humtaja Young kama kivuli cha mwanafalsafa John Dewey. Ukweli ni kwamba alikuwa amefundisha na kusimamia shule kwa zaidi ya miaka 30 kabla hajaketi katika darasa la Dewey, naye Dewey mwenyewe alikiri kwamba mawazo yake kuhusu shule yalimea kwa kiasi kikubwa kutokana na uzoefu wa mwanamke huyo.

Maisha ya Awali

Ella Flagg alizaliwa tarehe 15 Januari 1845 mjini Buffalo, katika jimbo la New York. Babake, Theodore Flagg, alikuwa fundi wa bati. Kwa kuwa afya ya binti huyu ilikuwa dhaifu, hakupelekwa shuleni mapema kama watoto wengine. Alishinda nje akitunza bustani. Alipokuwa na umri wa takriban miaka minane, alimsikia mamake akisoma gazetini habari za shule iliyoteketea kwa moto. Aliikariri habari ile, kisha akalichukua gazeti na kuyafuatiliza maneno moja baada ya jingine hadi akajifunza kusoma. Hivyo basi, kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote, alikwisha kutambua kuwa akili ya mtoto hujitafutia njia ikipewa nafasi.

Mwaka wa 1858 familia yake ilihamia Chicago. Huko alikumbana na kanuni zilizomzuia kuingia shule ya upili mara moja, na masomo aliyorudishiwa yalikuwa yale aliyokwisha kuyajua. Alichoka akaacha shule. Baadaye alifanya mtihani wa kupata cheti cha ualimu akafaulu, ila umri wake wa miaka 15 haukumruhusu kuajiriwa. Alijiunga basi na idara ya kuwaandaa walimu katika shule ya upili ya jiji. Mamake alikuwa na shaka iwapo binti huyu, ambaye hakuwa na mazoea na watoto wadogo, angefaa kuwa mwalimu. Ella aliichukua shaka hiyo kwa uzito: alijipangia kuzuru darasa la mwalimu mzoefu mara kwa mara, akiketi na kutazama. Mazoezi ya ufundishaji ambayo mtaala wa wakati huo haukumpa, alijipa mwenyewe.

Mwalimu Darasani

Alihitimu mwaka wa 1862 akaanza kufundisha. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwemo wavulana wakubwa waliochunga ng'ombe katika nyika zilizopakana na jiji, ambao walimu waliomtangulia walishindwa kuwadhibiti. Yeye alifaulu. Mwaka wa 1865, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alikabidhiwa shule ya mazoezi, yaani mahali ambapo walimu tarajali walifundisha chini ya uangalizi kabla ya kufuzu. Tangu hapo, suala la namna mwalimu anavyoandaliwa halikumtoka moyoni.

Mwaka wa 1868 aliolewa na mfanyabiashara William Young, lakini mumewe aliaga dunia mwaka wa 1873. Katika miaka hiyo mauti yalimpokonya pia jamaa zake wa karibu. Aliuelekeza moyo wake wote kazini. Mwaka wa 1876 alikuwa mwalimu mkuu, na mwaka wa 1879 akahamishiwa Shule ya Skinner. Huko aliwahimiza walimu wake kukutana na kusoma pamoja fasihi na falsafa, kwa kuwa aliona mwalimu asiyesoma ni sawa na kisima kilichokauka. Mwaka wa 1887 alipandishwa cheo akawa msimamizi msaidizi wa shule za jiji.

Jiji Lililofurika na Shule Zilizogeuka Viwanda

Ili kuelewa uzito wa hoja ya Young, yafaa kuitazama Chicago ya enzi hizo. Mwaka wa 1860 jiji hilo lilikuwa na wakazi wapatao 112,000. Kufikia mwaka wa 1910 walikuwa zaidi ya milioni mbili. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani, Ireland, Poland, Italia na kwingineko, ambao watoto wao waliingia shuleni bila kujua Kiingereza. Madarasa yalifurika. Wasimamizi walijibu msongamano huo kwa kuiga viwanda: mtaala ulitungwa juu, amri zikashuka kwa walimu wakuu, nao walimu wa madarasani, ambao wengi wao walikuwa wanawake wenye mshahara duni, wakatarajiwa kutekeleza tu.

Walimu hao walianza kujitetea. Mwaka wa 1897 waliunda Shirikisho la Walimu wa Chicago, ambalo Catharine Goggin na Margaret Haley walikuja kuliongoza kwa ushupavu. Mwaka wa 1899 ripoti ya tume iliyoongozwa na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, ilipendekeza msimamizi mkuu wa shule aongezewe mamlaka. Shirikisho lilipinga mswada uliotokana na ripoti hiyo, nao ukaanguka. Mwaka uo huo Young alijiuzulu usimamizi, kwa kuwa mkuu mpya, E. Benjamin Andrews, alitaka wasaidizi wa kutekeleza maagizo wala si wa kutoa mawazo.

Chuo Kikuu na Tasnifu

Tangu mwaka wa 1895, akiwa na umri wa miaka 50, Young alikuwa akihudhuria semina za Dewey katika Chuo Kikuu cha Chicago. Alipoacha usimamizi aliajiriwa chuoni humo kufundisha taaluma ya elimu, na mwaka wa 1900 akatunukiwa shahada ya uzamifu. Tasnifu yake ilihusu utengano shuleni. Ndani yake alichambua jinsi mgawanyo wa kazi ulivyomtenga anayefikiri na anayetenda. Alidai kwamba mwalimu anayepokea amri bila kuulizwa hugeuka chombo, na chombo hakiwezi kumlea raia wa nchi ya kidemokrasia. Pendekezo lake lilikuwa wazi: kila shule iwe na baraza ambamo walimu watajadili mtaala na mbinu za ufundishaji kwa uhuru, na mawazo yao yafike kwa wakubwa.

Ajabu ni kwamba hoja hii ilikomaa katika chuo kile kile ambacho rais wake alikuwa amependekeza mamlaka yarundikwe juu. Young alisimamia pia ufundishaji katika shule ya majaribio ambayo Dewey aliianzisha mwaka wa 1896, akiyatia mawazo ya mwanafalsafa huyo kwenye mizani ya darasa halisi. Dewey alipokosana na Harper kuhusu usimamizi wa shule hiyo na kuondoka mwaka wa 1904, Young naye alijiuzulu.

Kilele cha Taaluma

Mwaka wa 1905 aliteuliwa kukiongoza Chuo cha Ualimu cha Chicago. Alipanua mafunzo na kuhakikisha kuwa walimu tarajali wanafanya mazoezi hata katika mitaa ya wahamiaji maskini, kwani huko ndiko wengi wao wangefanyia kazi. Mwaka wa 1909 Halmashauri ya Elimu ilimteua kuwa msimamizi mkuu wa shule za jiji, baada ya kuwafikiria wanaume kadhaa. Akawa mwanamke wa kwanza kuongoza mfumo wa shule wa jiji kubwa nchini Marekani. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa rais mwanamke wa kwanza wa Chama cha Kitaifa cha Elimu, wajumbe wakimpendelea badala ya mwanamume aliyependekezwa na kamati ya uteuzi.

Alipopata mamlaka, alitekeleza alichoandika. Aliunda mabaraza ya walimu, akatetea nyongeza ya mishahara na kupanua masomo ya kazi za mikono. Mwaka wa 1913 alianzisha katika shule za upili mihadhara kuhusu afya ya uzazi, hatua iliyozua ghadhabu hadi mihadhara hiyo ikasitishwa.

Mvutano na Halmashauri

Halmashauri iliteuliwa na meya, na baadhi ya wanachama wake walitaka kuingilia hata uchaguzi wa vitabu vya kiada. Mnamo Julai 1913 Young aliandika barua ya kujiuzulu, akabembelezwa akabaki. Mnamo Desemba mwaka uo huo, wanachama walipiga kura na kumteua msaidizi wake, John D. Shoop, kuchukua nafasi yake. Wanawake wa Chicago walifurika katika mkutano mkubwa wa kupinga uamuzi huo. Sauti yao haikuwa ya kupuuzwa: miezi michache awali, wanawake wa jimbo la Illinois walikuwa wamepewa haki ya kupiga kura katika chaguzi za miji. Meya Carter Harrison aliwaondoa baadhi ya wanachama wa Halmashauri, naye Young akarejeshwa kabla ya mwaka kwisha.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka wa 1915 Halmashauri, chini ya Jacob Loeb, ilipitisha kanuni ya kuwakataza walimu kuwa wanachama wa Shirikisho lao. Mwishoni mwa mwaka huo Young alistaafu, akikaribia umri wa miaka 71. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto alijitolea katika kampeni ya kuuza hati za mkopo za serikali. Akiwa katika kazi hiyo alipatwa na homa kali ya mafua iliyoenea duniani wakati huo, akafariki jijini Washington tarehe 26 Oktoba 1918.

Hitimisho

Mabaraza ya walimu yaliendelea kwa muda baada yake. William McAndrew, aliyekabidhiwa uongozi wa shule za Chicago mwaka wa 1924, aliyavunja. Kuvunjwa huko kulidhihirisha udhaifu wa mafanikio ya Young: kilichojengwa kwa ridhaa ya mkubwa mmoja huweza kubomolewa na mkubwa mwingine. Pengine hilo lilimponyoka mwanamageuzi huyu, ambaye aliamini kuwa mtu akishaonja uhuru wa kufikiri hatakubali kunyang'anywa.

Hata hivyo, maisha yake yalithibitisha jambo ambalo nadharia peke yake isingeweza. Alikuwa mwanafunzi, mwalimu, mwalimu mkuu, mhadhiri na msimamizi mkuu, na katika kila ngazi alilikumbuka darasa alikotoka. Kwa mwalimu tarajali anayejiandaa kuingia darasani kwa mara ya kwanza, mfano wa Young unadai mambo mawili kwa pamoja: kusoma bila kukoma, ili awe na neno la kusema, na kulisema bila woga. Baraza la walimu ambao hawana la kuchangia ni ukumbi mtupu; na mwalimu mwenye mengi ya kuchangia, pasipo baraza, ni hazina iliyofukiwa ardhini.