Msafiri wa Tanja na Sala Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi wajua kwamba wengi katika watoto wao wamekwenda Nairobi kutafuta riziki, nao wamekaa katika mitaa ya mashariki ya mji ule: Pumwani, Eastleigh, Kaloleni na Shauri Moyo. Waislamu si wageni wa jana huko. Tangu Pumwani ilipojengwa katika miaka ya 1920, adhana yasikiwa. Lakini katika darsa zetu hapa mtaani twasikia neno moja likirudiwa. Mtu huacha sala ya jamaa, kisha huacha Ijumaa, na akiulizwa hujibu kwamba yeye ni msafiri tu, kwao ni pwani. Wako waliotimiza miaka ishirini katika safari hiyo. Basi tumeona yafaa kusimulia habari za mtu aliyekuwa safarini miaka ishirini na minne, tutazame aliuchukua vipi ugeni wake.

Mtu huyo ni Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa mwaka 1304 katika mji wa Tanja, nchi ya Moroko, katika nyumba ya makadhi wa madhehebu ya Imamu Malik. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliwaaga wazazi wake akenda kuhiji, pasi na rafiki wala msafara. Njiani alishikwa na homa kali hata akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko la mnyama wake asije akaanguka. Alipoingia Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea wenzi wake, kila mtu na amjuaye. Yeye hakusalimiwa na mtu. Akalia. Haji mmoja akatambua hali yake, akamwendea kwa salamu na maneno ya kumliwaza. Kisha, msafara wa Maka ulipotoka Tunis, kijana yule aliyelia ndiye aliyefanywa kadhi wake.

Baada ya kuhiji aliendelea kusafiri, na mwaka 1331 alifika pwani yetu. Alilala Mombasa usiku mmoja, akaenda Kilwa kwa Sultani Hasan bin Suleiman, aliyesifika kwa ukarimu. Katika habari za Mombasa alizozieleza, aliwasifu watu wake kwa dini na uaminifu, akataja misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima vilivyokuwa milangoni mwake, mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Hiyo ndiyo sifa ya wazee wetu kwa mgeni aliyelala usiku mmoja tu. Je, mgeni alalaye kwetu leo atasema nini?

Baadaye alifika Sinope, mji wa Uturuki ulio kando ya Bahari Nyeusi. Watu wa huko walikuwa Mahanafi. Walipomwona akisali mikono ameiteremsha, kama wafanyavyo Wamaliki wengi, wakamdhania kuwa Rafidhi. Naibu wa sultani akampelekea sungura ili ajaribiwe, kwa kuwa Marafidhi hawali nyama hiyo. Ibn Battuta akamchinja, akampika, akamla, na shaka ikaondoka. Hakubadilisha sala yake kwa kuogopa watu, wala hakuacha kusali pamoja nao. Katika misikiti ya Eastleigh na Pumwani husimama safu moja Mshafii wa pwani, Msomali, Mnubi na Mhindi wa Kihanafi. Ni aibu kwa mtu mwenye elimu kidogo kumtoa mwenziwe katika Sunna kwa sababu ya mikono.

Yapata mwaka 1342 alikuwa Calicut, Bara Hindi, akiongoza zawadi za Sultani wa Delhi kwa mfalme wa China. Alikuwa amekwisha kungoja huko miezi mitatu. Mizigo yake ikapakiwa, naye akabaki nchi kavu ili asali Ijumaa. Bahari ikachafuka, jahazi kubwa likavunjika, na watu wakafa. Chombo kilichochukua mali yake kikatweka kikamwacha. Akabakiwa na dinari kumi na zulia alilolalia. Hatusemi kwamba waliokufa walikuwa na dini duni kuliko yeye. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu. Twasema tu kwamba safari kuu kuliko zote alizopewa haikumtoa katika Ijumaa ya mji usiokuwa wake.

Wala hakuwa mtu asiye na ila. Alipenda zawadi za wafalme, akaoa na kuacha katika nchi nyingi. Aliporejea mwaka 1349 akakuta mama yake amekufa kwa tauni, na baba yake alikuwa amekwisha kufa zamani. Habari za safari zake ziliandikwa na Ibn Juzayy, zikatimia mwaka 1355.

Ndugu msomaji, Sharia haikumdhiki msafiri. Kutoka Mombasa hata Nairobi ni kama kilomita 480. Mwenye kusafiri hivyo ameruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, anuiaye kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hiyo imemwishia. Basi aliyepanga chumba Kaloleni, akasomesha watoto huko, safari yake i wapi?

Wazazi mlio pwani, mnapowauliza watoto wenu habari za kazi, waulizeni pia ni msikiti gani wasalio. Nasi tulio huku, tumtazame kijana ashukaye kwenye basi asijue mtu. Tusingoje hata alie ndipo tumpe salamu.

Wabillahi ttaufiki.