Mwanafunzi Aliyerudishwa Nyumbani

Kila mwaka, ifikapo tarehe 4 Agosti, Kanisa lote humkumbuka Mtakatifu Yohane Maria Vianney, Paroko wa Ars, msimamizi wa maparoko. Picha yake yajulikana na Wakristo wengi: mzee mwembamba, mwenye nywele nyeupe na stola shingoni. Lakini kabla ya kuwa mzee huyo mwenye sifa, alikuwa kijana aliyetolewa seminarini kwa kuwa walimu wake walimwona hawezi masomo. Habari hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, wazazi hasa, kwa maana katika nyumba nyingi za Wakristo liko swali lile lile: mtoto asema ameitwa na Mungu, je, tutajuaje ya kuwa ni kweli?

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchini Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alichunga kondoo. Alipokuwa mtoto, mapinduzi makubwa yaliipindua nchi ile. Mapadre waliokataa kula kiapo cha serikali waliwindwa, wengine wakauawa. Wazee wake walikwenda usiku kusikiliza Misa ghalani au katika nyumba ya siri, wakiwachukua watoto wao pamoja nao. Komunyo yake ya kwanza aliipokea mwaka 1799 katika nyumba ya Ecully, na nje ya madirisha yaliwekwa magari ya majani makavu, ili mtu apitaye asione mwanga wa mishumaa. Basi mtoto huyo alijifunza mapema ya kuwa upadre si cheo cha kujipatia heshima. Aliwaona mapadre wakihatarisha shingo zao kwa ajili ya roho za watu, naye akatamani kuwa mmoja wao.

Alipomwambia mama yake, mama alifurahi. Baba yake alikataa. Hakuwa baba mbaya, wala hakuichukia dini. Alikuwa na shamba lililohitaji mikono, na binti wa kuozwa, na fedha alizokwisha kutoa ili kumkomboa mwanawe mkubwa asiende jeshini. Wazazi wetu wanalijua shauri hilo, kwa kuwa nao hulisema. Kijana hakutoroka, wala hakugombana na baba yake. Alilima na kungoja muda wa miaka miwili hivi, mpaka baba akakubali. Hapo alikuwa karibu na miaka 20, akapelekwa kwa Padre Balley, Paroko wa Ecully, aliyekuwa akiwafundisha vijana wachache nyumbani mwake.

Hapo taabu ikaanza. Kilatini hakikuingia kichwani. Aliketi na watoto wadogo kuliko yeye, nao wakamwacha nyuma. Siku moja mwenzake mmoja, Mathias Loras, aliyekuwa akimsaidia somo, alishikwa na hasira akampiga mbele ya wenzao. Yule mkubwa akapiga magoti, akamwomba mdogo msamaha. Loras akalia, nao wakawa marafiki maisha yao yote. Baadaye Loras alikuwa Askofu wa kwanza wa Dubuque, huko Marekani. Katika shida ile ya masomo, Vianney alikwenda kwa miguu mpaka kaburi la Mtakatifu Fransisko Regis huko La Louvesc, mwendo wa kilomita 100 hivi, akiomba chakula njiani, ili aombewe apate akili ya kutosha tu kuwa padre. Akarudi, akaendelea kusoma.

Mwaka 1809 akaitwa jeshini. Akaugua, akalazwa hospitali, na alipopona kidogo kikosi chake kilikwisha kuondoka. Njiani akakutana na mtu aliyemwongoza mpaka milima ya Les Noës, na huko akajikuta kati ya watoro. Akakaa mafichoni kwa jina lisilo lake, katika nyumba ya mjane mmoja, akifanya kazi za shamba na kuwafundisha watoto kusoma. Mwaka 1810 Kaisari Napoleon akatangaza msamaha, na mdogo wake akaenda jeshini badala yake. Mapema mwaka 1811 alikuwa amerudi kwao, na mwezi wa Februari mama yake akafariki, asimwone mwanawe altareni.

Mwaka 1813 aliingia Seminari Kubwa ya Lyon. Mafundisho yalitolewa kwa Kilatini, na maswali yaliulizwa kwa Kilatini. Hakuelewa, hakujibu, na baada ya miezi michache akaambiwa aende zake. Akaenda kumtazama rafiki aliyekuwa Bruda wa Shule za Kikristo, akifikiri labda naye ataomba kupokelewa kuwa Bruda. Kisha akarudi Ecully kwa mwalimu wake wa zamani.

Hapo ndipo twaombapo msomaji aangalie vema. Vianney hakuwalaumu walimu wake, wala hakusema ya kuwa kwa vile Mungu amemwita Kanisa halina haki ya kumzuia. Alinyamaza, akalia, akatii. Aliyesema kwa ajili yake ni Padre Balley. Padre huyo alimjua kijana kwa miaka mingi. Alimwona akisali, akifunga, akivumilia. Akawaomba wakuu wamwulize maswali nyumbani, kwa lugha yake ya Kifaransa, naye akajibu vizuri. Makamu wa Askofu, Padre Courbon, akauliza kama kijana huyo ni mcha Mungu. Akaambiwa ndiyo, akaamua apewe daraja, na yaliyopungua akaiachia neema ya Mungu.

Alipadirishwa tarehe 13 Agosti 1815 katika mji wa Grenoble, akiwa peke yake, baada ya kusafiri huko kwa miguu. Tena hata alipokwisha kuwa padre hakuruhusiwa kuungamisha kwa muda, maana wakuu waliogopa elimu yake haitoshi. Ruhusa ilipokuja, aliyepiga magoti kwanza mbele yake ni Padre Balley mwenyewe, akaungama dhambi zake kwa mwanafunzi wake.

Mwezi wa Februari 1818, Balley akiwa amekwisha kufariki, alitumwa Ars, kijiji cha watu 230 hivi, ambako dini ilikuwa imepoa. Alikaa huko miaka 41. Alisali mbele ya Tabernakulo kabla ya jua kuchomoza, akala viazi vya kuchemsha, na mwaka 1824 akafungua shule ya wasichana maskini. Polepole watu wa mbali wakaanza kuja, na katika miaka yake ya mwisho walifika makumi ya maelfu kila mwaka. Alikaa katika kiti cha maungamo hata saa 16 kwa siku. Padre aliyekatazwa kuungamisha ndiye watu waliyempanga foleni usiku kucha.

Wala tusidhani ya kuwa moyo wake ulikuwa mtulivu siku zote. Mwaka 1843, na tena mwaka 1853, alijaribu kuondoka Ars, akijiona hastahili kuwa paroko na kutamani upweke wa kuzililia dhambi zake. Mara zote mbili alirudi. Alifariki tarehe 4 Agosti 1859, na Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1925.

Hatusemi ya kuwa kila mwanafunzi anayeshindwa mtihani ana wito, wala kwamba elimu si kitu. Kanisa lataka mapadre na watawa wenye elimu, na anayerudishwa nyumbani leo huenda ameonyeshwa njia nyingine iliyo njema, naye asipokewe kwa aibu. Lakini twaona katika maisha haya ya kuwa wito haukai moyoni mwa kijana peke yake. Ulipitia kwa mama aliyefurahi, kwa baba aliyekubali kwa kuchelewa, kwa mwalimu aliyevumilia, na kwa mkuu wa Kanisa aliyetoa neno la mwisho. Mmoja wao angaliufunga mlango kabisa, Ars ingalikosa mchungaji wake.

Basi, ninyi wazazi, mtoto akija jioni na kuwaambia habari ya seminari au utawa, msimcheke, wala msimsukume. Salini pamoja naye, mpelekeni kwa paroko, mkangoje. Nawe, kijana unayesoma maneno haya nawe waogopa kwa kuwa u dhaifu, fanya kazi yako, tii, na uiachie neema nafasi yake.